Bibi Arusi Aliyefunuliwa kwa Mwiko

Jumatatu, 20 Aprili

Saa tatu asubuhi, dirishani tena. Jua limepanda nyuma ya nyumba, linapiga Bukavu moja kwa moja. Nikangoja. Kisha ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha kwetu, mwanga. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ni mama yangu barazani, na kile kioo alichokibandua kwenye mlango wa kabati. Mara tatu maana yake wote wazima. Asubuhi siwezi kumjibu, jua liko mgongoni kwangu. Namjibu saa kumi jioni, likihamia upande wake. Tungeweza kupigiana simu tu, na tunapigiana, kila Jumapili. Lakini simu haikonyezi.

Faustin yuko verandani, anashona barakoa. Nasikia mashine: tratatata, kimya, tratatata. Kimya ni pale anapokata uzi kwa jino. Nalijua jino lile. Mume wangu. Ngoja niandike tena. Mume wangu. Wiki sita na siku mbili, na neno hilo bado linanichekesha peke yangu kama mwehu.

Kitambaa ni kile cha wasimamizi wa harusi yetu, rangi ya papai lililoiva. Magauni yalikuwa ya siku ya kunifunua, hayakushonwa. Sasa nusu ya kilima inavaa harusi yangu usoni. Naona raha sana.

Nashinda ndani. Maman, mama mkwe wangu, ni mtu wa kanuni. Bibi arusi hatoki, hafagii, hapiki, mpaka watu wa kwao waje kumfunua. *Gutwikurura.* Shangazi aje na vikapu, amwondolee shela mbele ya watu, amkabidhi mwiko. Kuanzia hapo ni mwenye nyumba. Wenzangu wengi siku hizi hufunuliwa jioni ileile ya harusi, mambo yakaisha. Maman alikataa ya haraka haraka. Tukapanga siku. Kabla haijafika, korona ikafunga mpaka wa huku na Kongo. Watu wa kwetu wako kule, karibu naona nguo zao kwenye kamba, na hawawezi kuvuka daraja.

Sina kinyongo na Maman. Yeye aliolewa Kongo, ukimbizini. Hakuna aliyekuja kumfunua. "Mi nilijitoa mwenyewe," husema, "kama mwizi." Hataki na mimi nitoke kama mwizi.

Mvua imeanza saa nane. Siku hizi ni kila siku. Naipenda. Mvua ikinyesha Faustin huingiza mashine ndani, nasi tunakaa magoti yakigusana.

Jumanne, 21 Aprili

Nimefanya kosa tamu.

Maman alilala mchana, pumu ilimsumbua. Faustin alikuwa amepeleka barakoa dukani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikavaa kandambili za Maman, nikatoka.

Wiki sita sijakanyaga udongo! Ulikuwa laini kama keki. Nilipanda mpaka kwenye mparachichi, juu ya jiko. Chini, ukungu umelala juu ya mto kama maziwa yaliyomwagika na hakuna aliyeyafuta. Nikafikiri: hapa hapa, chini ya mti huu, nitaanika nguo za watoto wanne. Nikawapa na majina. Wa tatu ni msichana mkaidi.

Kisha nikauona ufa.

Ardhini, kutoka mparachichi mpaka migombani, nyuma kabisa ya nyumba. Umenyooka kama umechorwa kwa kisu. Nikatia kidole. Kiliingia chote. Huko ndani kulikuwa na baridi.

Nilirudi mbio. Nikafuta kandambili, nikaziweka vilevile, ya kushoto juu ya ya kulia. Sikusema kitu. Nikisema nimeona ufa, nimesema nilitoka.

Labda ni ufa wa zamani. Labda uko hapo tangu Faustin akiwa mtoto.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua mchana kutwa, jana pia. Radi ilipiga mnara wa simu jana jioni. Hakuna mtandao, hakuna umeme. Kioo cha mama kimya, hakuna jua.

Mlango wa chumba chetu haufungiki. Umeshika juu kwenye fremu. Faustin alileta randa akaupunguza, akatia bega, ukafungika, saa moja baadaye ukashika tena. Akacheka. "Huu mlango una wivu," akasema, "hautaki tuwe wawili." Akanibusu kwenye nywele, na vumbi la mbao masharubuni.

Nilicheka naye. Mimi ni mwongo. Najua kwa nini mlango unashika. Nyumba imesogea.

Kesho nitasema.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilitoka tena alfajiri, kabla ya kusema, ili niwe na hakika. Sikutia kidole. Nilitia mkono mzima, ukaingia umekunjwa ngumi. Mparachichi umeinama kama mtu anayesikiliza.

Nikamwamsha Faustin, nikamwambia yote. Nilikuwa nalia, kamasi na kila kitu. Nilidhani atakasirika. Alikaa kitandani akinitazama miguu yenye matope, halafu akasema polepole, "Tangu Jumanne?" Basi. Hilo tu. Ingekuwa heri apige kelele.

Akaenda kuangalia. Akarudi uso umebadilika. Akamwita mkuu wa mudugudu, kijiji chetu hiki cha kilimani. Akaja na koti la mvua na barakoa yetu ya papai. Akautazama ufa, akanyoosha mkono ukifuata mstari wake: jiko, chumba chetu, veranda, nyumba ya pili, ya tatu. Amri yake ilikuwa fupi. Nyumba zote saba zilizo chini ya mstari huu zihame kesho kabla ya saa sita. Shule ya msingi imefunguliwa. Kila familia na darasa lake, hakuna kuchanganyika. Barakoa, sabuni, mkeka wako mwenyewe, kikombe chako mwenyewe. Usipite njia ya mkato, ile ya kijito, inapita chini ya mteremko. Pita juu, kwenye mgongo wa kilima. Mikono ni ya kushika watu, si vitu.

Maman alikuwa mlangoni, shuka mabegani. Akasema haendi.

Ikabidi nikiri na kwake. Nikapiga magoti. Nikasema ni mimi niliyetoka, ni mimi niliyeficha, tungekuwa tumeshaondoka tangu Jumanne.

Akanitazama sana. "Nilijua," akasema. "Hizo sandali uliziosha mupaka zikawa mupya. Mi nilinyamaza. Nilisema, ni mutoto, amechoka na kuta."

Alijua nilitoka. Hakujua nilichokiona. Wawili tulinyamaza kwa adabu, na mlima ukawa unafunguka.

Lakini haendi. Sababu ni mbili. Ya kwanza shule: "Kule bantu ni benyi, benye kukohoa. Hiki kifua changu hakitarudi." Ya pili ni mimi. "Mwanamuke hatoki mara ya kwanza kwa nyumba yake na begi kichwani, akikimbia. Akitoka hivyo, atakimbia maisha yote. Mi ninajua."

Mkuu wa mudugudu akamwambia, "Maman, mlima haungoji harusi."

"Na harusi haingoji ruhusa yako," akamjibu, akaenda kulala.

Nampenda mama huyu. Naogopa atatuua.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika nikiwa shuleni, kwenye dawati la darasa la kwanza. Magoti hayaingii. Ngoja niandike kwa mpangilio, nisisahau hata kidogo.

Asubuhi, manyunyu. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja. Kwa kawaida kilima kizima kingekuwa nje na majembe, watu mia na vicheko. Umuganda umesimamishwa kwa ajili ya ugonjwa. Kila nyumba ikahama peke yake, kimya, umbali wa hatua kati ya moja na nyingine.

Nilipanga begi langu la harusi, lile la maua. Vitambulisho vyetu. Kadi za mituweli, bima ya afya. Pampu ya Maman ya kuvuta, na ile ya akiba. Barakoa kumi na mbili. Sabuni miche miwili. Maji. Unga wa uji. Daftari hili, ndani ya mfuko wa plastiki. Faustin alimwaga maji kwenye makaa ya jiko, akazima swichi kuu ingawa umeme haupo. Akafunika mashine kwa turubai, akaipapasa mgongo kama ng'ombe.

Jambo la shule alikwisha kulishughulikia. Alfajiri alikwenda kwa mkuu wa mudugudu, akaeleza pumu, akapewa stoo ya walimu. Ndogo, madirisha mawili, yetu peke yetu. Maman akasikiliza. Akakubali stoo. Akaninyooshea kidole: "Na huyu?"

Saa nne. Saa nne na nusu. Vijiwe vidogo vikaanza kuteremka nyuma ya jiko, kimoja kimoja, kama mtu anayemwaga mbaazi. Maman amekaa kwenye kiti chake sebuleni, barakoa usoni, mikono mapajani. Faustin amemshika magoti. Mimi nimesimama katikati ya chumba na begi, nikijua kwamba nikivuka kizingiti peke yangu nitaokoka, na kwamba sivuki.

Ndipo Maman Zawadi akapita. Jirani wa nyumba ya pili. Mwislamu, muuza sambaza, dagaa wa huku, amezaliwa Bukavu avenue moja na mama yangu. Amefunga Ramadhani, ana godoro kichwani, na bado ana nguvu za kupiga kelele.

"Ninyi! Mnangojea nini humo, basi?"

Faustin akamweleza kwa maneno matano.

Akateremsha godoro juu ya ukuta wa mawe. "Shangazi ndiye mnatafuta? Ni mie! Na mama yake tulichota maji kwa robine moja, tukapigana kwa ndoo moja. Nani anakataa?"

Hakuna aliyekataa. Maman akainua kichwa.

"Leteni shela."

Nilikuwa nayo chini kabisa ya begi. Nikaivaa hapo hapo, juu ya nywele zisizochanwa, juu ya barakoa. Nikasimama kizingitini. Maman Zawadi akapiga hatua kuja, na mkuu wa mudugudu, aliyekuwa akipita kuhesabu watu, akapaza sauti kutoka njiani: "Mita mbili! Hata harusi ni mita mbili!"

Akasimama. Maman Zawadi akajitazama mkono. Mfupi. Kisha akachomoa kwenye mzigo wake mwiko wa bugali, ule mrefu wa kupikia msiba, karibu urefu wa mtoto. Akaunyoosha. Ncha ikaingia chini ya shela, kwenye paji langu, ikanukia moshi na samaki. Akainua polepole. Polepole sana, kama tulikuwa na siku nzima. Shela ikarudi nyuma, ikaanguka. Mvua ikanipiga usoni.

"Muoneni," akasema. "Ni wetu. Tunawapa na macho yote mawili."

Akapiga kigelegele kupitia barakoa. Kilitoka kama filimbi iliyojaa maji. Kutoka nyumba ya tatu mtu akajibu. Kisha kutoka juu njiani, na nyingine mbali zaidi, familia zilizokuwa zikihama na mikeka yao, kila moja mahali pake. Sitakuwa na harusi nzuri kuliko ile.

Nilidhani yameisha. Maman Zawadi akauelekeza mwiko ndani ya nyumba, kwenye kiti.

"Na huyu bibi arusi mwingine? Nani alimufunua?"

Maman akasema, kwa sauti ya msichana, "Hakuna."

"Kuya hapa."

Akasimama. Akaja mwenyewe mpaka kizingitini, nikampisha. Mwiko ukagusa kitenge chake cha kichwani, ukakiinua kiduchu, mvi zikaonekana.

"Basi toka. Kwa mulango wa mbele, na miguu yako, kila mutu anakuona."

Maman akacheka. Akakohoa, akacheka tena, akavuta pampu, akatoka. Mvi zikaloa. Hakuzifunika.

Maman Zawadi akaulaza mwiko chini, akarudi nyuma. Nikauokota. Ni wangu.

Tulipita juu, mgongoni mwa kilima, si kwenye kijito. Faustin mbele na godoro letu kichwani, Maman katikati, mimi nyuma na begi na mwiko. Polepole, kwa pumzi ya Maman. Hakuna aliyegeuka.

Langoni mwa shule walitupima joto kwenye paji la uso, pale pale mwiko uliponigusa. Tukanawa kwenye *kandagira ukarabe*, lile dumu unalolikanyagia pedali kwa mguu maji yakatoka. Mshauri wa afya akaandika majina, akaniuliza, "Wewe ni nani katika familia?" Nikasema, "Mwenye nyumba."

Saa kumi, jambo moja zaidi. Manyunyu yalikatika, Faustin akavaa viatu. Mashine. "Dakika ishirini tu, mpenzi. Hebu ona, mlima umetulia." Ile mashine ndiyo inayotulisha. Ndiyo aliyoshonea shela yangu. Jana nisingethubutu. Nikasimama mlangoni mwa stoo, mwiko nimeukingamisha fremu kwa fremu.

"Huendi."

Akanitazama mimi, akautazama mwiko. Maman kutoka dirishani, bila kugeuka: "Umeoa, papa. Kaa chini."

Akavua viatu. Usiku huu amekaa kando ya dawati langu, kanuna. Bega lake limenigusa lakini.

Jumapili, 26 Aprili

Ukungu. Saa mbili asubuhi, watu wakinywa uji. Sauti kama lori linalomwaga mawe, lakini haliishi. Kisha likaisha.

Jiko, chumba chetu, veranda. Mashine. Nyumba ya Maman Zawadi nusu. Hakuna mtu aliyekuwamo, katika zote saba. Mparachichi umeteremka wima, umesimama katikati ya njia kama unauliza anwani.

Faustin alikwenda mpaka pale mkuu wa mudugudu alipofunga kamba, akatazama, akarudi. Akaweka kichwa mapajani mwangu. Tulikaa hivyo. Hakusema juu ya viatu.

Maman anapumua vizuri. Madirisha yote mawili wazi.

Mchana ukungu ukainuka, na hapo nikaelewa jambo jingine. Kutoka ng'ambo, kilima chetu sasa kina jeraha jekundu, na jeraha liko mahali pa dirisha langu. Simu bado zimekufa. Mama yangu amekwisha kuliona.

Saa kumi jua likatoka. Nikaomba kioo cha Maman cha poda, kidogo kama biskuti. Nikapanda kwenye ukuta wa uwanja. Tatu. Nikangoja. Tatu. Nikangoja. Niliendelea mpaka jua likazama nyuma ya Bukavu. Kioo kidogo mno, na yeye hanitafuti huku. Ananitafuta kule kwenye udongo. Na jioni hana jua la kunijibu.

Naogopa kuliko jana. Jana nilikuwa na mwiko. Kwa hili sina kitu.

Jumatatu, 27 Aprili

Anga safi. Kila kitu kimeoshwa.

Nimepika uji wangu wa kwanza nikiwa mke, nje ya stoo, kwenye mafiga matatu. Mwiko ni mrefu mno kwa sufuria hii, nasimama mbali kama nayeyusha chuma. Maman anasema maji mengi. Faustin ameomba sindano, anashona barakoa kwa mkono, ukutani kwenye jua. Akifika mwisho wa uzi anakata kwa jino. Jino bado tunalo.

Saa tatu, nimetazama ng'ambo. Hakuna. Saa tatu na robo, hakuna. Nikakoroga. Maman akaacha kusema juu ya maji.

Saa tatu na nusu kitu kikanipiga jichoni.

Nikadhani ni bati. Kikaondoka. Kikarudi, kikapita juu ya ukuta, kikanikosa, kikanipata. Kikatulia. Moja. Mbili. Tatu.

Kisha tena, tatu. Basi jana alikiona kile kioo kidogo. Kisha bila kuhesabu, ovyo ovyo.

Maman akaja akasimama kando yangu, kichwa wazi. Akapunga mkono kuelekea Kongo, ingawa hakuna jicho linaloweza kuona mkono toka kule.

Uji ulikuwa umeanza kushika chini. Nikaukoroga.